Sikusema Yameisha

Miaka yote niliyopiga kelele hakuna aliyefikiria kuninyang'anya mtoto. Walifikiria hivyo niliponyamaza.

Nyumba niliyoolewa iko Ngana, kwenye udongo mweusi unaoshika miguu mvua zikianza. Mume wangu analima kakao na mpunga, mtu wa maneno machache. Wazazi wake tunaishi nao uwanja mmoja, hatua kama thelathini kutoka mlango wetu, na katikati kuna migomba. Tuna binti mmoja, na mwaka ninaousimulia alikuwa na miaka sita. Mimi mwenyewe ni mtu wa hasira. Naomba nisieleweke vibaya, sizungumzii ile hasira ya kununa na kukataa chai. Yangu huanzia kwenye kitu kidogo kama punje. Mume amechelewa kurudi kutoka mnadani na simu yake haipatikani, basi, ndani ya dakika mbili nina uhakika ameniacha. Akiingia namtukana, navunja kilichopo mkononi, halafu namshika mguu nikimlilia asiende. Nusu saa baadaye nimetulia, na sijui uso wangu niuweke wapi.

Niliwahi kuvunja chungu cha mama mkwe, kile cha Wakisi, wafinyanzi wa ziwani, alichokichagua mwenyewe Matema na kurudi nacho akiwa amekipakata njia nzima. Nilikirusha uwanjani na maharage yake. Majirani walikuwa wakisema, "Redio imefunguliwa," na wengine walikuja kabisa mpaka kwenye uzio ili wasikie vizuri. Kesho yake walikuja haohao kuomba chumvi, tukasalimiana, hakuna aliyekumbuka jambo. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwa nini walinisamehe haraka kiasi kile.

Wazee wa huku hawamwogopi anayepiga kelele. Aliyepiga kelele ameshatoa. Wanayemwogopa ni yule mwenye kinyongo anayenyamaza, kwa kuwa wanaamini hasira iliyofungiwa kifuani haikai bure. Hutoka yenyewe na kumpata mtu wa nyumba hiyo, na mara nyingi humpata mtoto. Ndiyo maana katika familia zinazoshika mambo ya zamani, ukigombana na ndugu mnakalishwa, kila mmoja anasema lililo moyoni mbele ya watu, anachukua funda la maji, anayapuliza chini, na kutamka kwamba moyo wake sasa ni mweupe. Jumapili haohao wako kanisani wanaimba, na sioni kama kuna ubaya.

Hayo yote niliyajua kama unavyojua jina la mto unaoupita kila siku. Sikuwahi kuyafikiria.

Nilifika hospitali ya mjini baada ya kuujeruhi mkono wangu kwa makusudi, na sitaeleza zaidi ya hapo. Nilikuwa nimeshaombewa mara tatu na kupewa dawa ya kuoga mara mbili. Dada yangu mkubwa alikuwa ameshaniambia kwamba nimedekezwa. Muuguzi wa afya ya akili alikuwa mwanamke wa pwani, Mwislamu, aliyehamishiwa Kyela na serikali na ambaye mpaka siku hiyo hakuwa ameizoea mvua yetu. Alinisikiliza saa nzima. Kisha akasema ninachougua kina jina, wanakiita bodalaini, na kwamba maana ya neno hilo ni mpaka. Nikamwambia mpaka tunaujua, Malawi iko palepale ng'ambo ya mto Songwe, aniambie la maana. Akacheka mpaka akavua miwani. Nilimpenda kuanzia hapo.

Aliniambia kwamba ngozi ya moyo wangu ni nyembamba, basi. Kinachomkwaruza mwingine mimi kinanichuna. Akasema haponi mtu kwa kuambiwa aache, anapona kwa kufundishwa, kama kufundishwa kushona. Akanipa daftari. Kila jioni niandike hasira ilifika ngapi, sifuri mpaka tano, ilianzia wapi, na nilifanya nini. Akanifundisha kusimama kabla sijatenda: nisimame, nirudi nyuma hatua moja, niangalie kuna nini hasa, ndipo nichague. Akanifundisha kutumbukiza uso kwenye beseni la maji ya baridi ikinipanda. Akanifundisha kuuliza: ninalolijua ni lipi, na ninalolidhani ni lipi? Mume hapatikani kwenye simu, hilo nalijua. Ameniacha, hilo nalidhani. Nilisafiri kila wiki mbili, nashuka kwenye gari kituo cha Bondeni na kumalizia kwa miguu, daftari nimelifunga kwenye mfuko wa plastiki lisilowe.

Kosa nililolifanya lilikuwa langu mwenyewe. Niliposikia "simama", nilisikia "nyamaza". Nikanyamaza kwelikweli. Mume akichelewa, sauti hakuna. Mama mkwe akinisema kwamba mpunga wangu una magugu, namwitikia "Ee, mama" na kuinama tena shambani. Asubuhi nasema "Mugonile", wanaitikia, imetoka hiyo. Meno yalikuwa yananiuma kwa kubanwa. Lakini daftari lilikuwa safi, siku baada ya siku sijavunja kitu, sijamtukana mtu, na nilijivuna kimoyomoyo, nikingoja mtu aone na kunipongeza. Hakuna aliyenipongeza. Majirani waliacha kuja kuomba chumvi. Mama mkwe akaanza kumwita mtoto kwake mapema, kabla sijapakua, na mtoto anarudi ameshiba. Nilijua wanamtenga na mimi. Sikujua sababu.

Halafu binti yangu akashikwa na homa. Tulimpeleka zahanati, wakampima, malaria, akapewa dozi, na siku ya nne alikuwa anakimbizana na kuku. Kwangu lilikuwa limekwisha. Kwa baba mkwe ndiyo kwanza lilikuwa limethibitika: kinyongo changu kimempata mtoto. Alituma neno kupitia kwa mume wangu, na mume wangu akaja kulisema huku anageuza kakao kwenye mkeka na haniangalii: mtoto aende Matema, akakae kwa shangazi yake, mpaka moyo wa mama yake ufunguke.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mzee hakusema lini."

"Na wewe unasemaje?"

"Mzee amesema."

Alivuta reki, kakao zikalia zikigongana. Nilikwenda ndani nikatia uso kwenye beseni. Nilipoinua kichwa hasira ilikuwa palepale. Nikarudisha uso.

Shangazi yake ni mtu mwema, nisimseme vibaya. Angemlisha samaki wa mbasa na kumpeleka shule. Lakini najua watoto wanavyokwenda kwa shangazi kwa wiki mbili na kurudi wakiwa wameota matiti. Nilijua pia jambo lingine: mtoto akiondoka kwa sababu ya moyo wangu, ataambiwa. Atakua akijua kwamba mama yake ndiye ugonjwa.

Nilikwenda kliniki kabla ya siku yangu. Muuguzi alifungua daftari, akasoma kurasa zote zile safi, akalifunga.

"Mwanangu," akasema, ingawa hanizidi hata miaka kumi, "nilikwambia usimame kwanza, ndipo useme. Wewe umesimama ukabaki hapohapo. Hasira yote hii umeiweka wapi?"

Nikamweleza habari ya maji na kukalishwa. Nilitegemea aniambie ni mambo ya kizamani. Akasema yeye hazijui mila zetu, lakini watu waliotunga jambo hilo hawakuwa wajinga. "Nenda ukakae nao," akasema. "Ila useme lililo kweli tu. Kubwa usilipunguze, dogo usilikuze." Tukalifanyia mazoezi palepale, yeye akiwa baba mkwe. Hakufaa kabisa, alikuwa anatabasamu.

Kulikuwa na kikwazo ambacho yeye hakukijua. Sisi mwanamke haongei na baba mkwe wake. Hamtazami, hali chakula mbele yake, wakikutana njiani mwanamke anaingia migombani na kugeuza mgongo mpaka mzee apite. Wengi siku hizi wameacha, hasa wanaokaa mjini, lakini nyumba niliyoolewa haikuacha. Miaka minane nilikuwa naujua mgongo wa kanzu yake na kikohozi chake, basi. Kelele zangu alizisikia zote, uwanja ni mmoja, ila hakuna hata moja iliyokuwa imeelekezwa kwake. Ukitaka kumwambia kitu, unamwambia mama mkwe, naye anampelekea, na kisichopelekwa ni kama hakikusemwa.

Nikamwomba mama mkwe atuombee kikao, tukakaa Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Mzee alikuwa ndani, kwenye kiti chake karibu na dirisha. Wadogo zake wawili na mume wangu walikaa kwenye benchi sebuleni. Mimi nilikaa nje chini ya dirisha, kwenye kigoda, mgongo ukutani, uso kwenye migomba. Mama mkwe alisimama mlangoni, katikati yetu, na miguuni mwangu aliweka bakuli la maji. Binti yangu alikuwa kwa jirani.

"Aseme," nikamsikia mzee.

Nikasema. "Mama, mwambieni baba nina hasira naye, kwa kuwa ameamua juu ya mtoto wangu bila kuniuliza. Nina hasira na mume wangu, kwa kuwa alikubali huku anageuza kakao. Na nyie mama nina hasira nanyi, kwa kuwa mlimlisha mwanangu kama vile chakula changu kina sumu, na hamkuniambia kwa nini. Kutoka sifuri mpaka tano, sasa hivi niko nne. Haijaisha. Sitasema imeisha. Lakini nimeishika mwenyewe kwa mikono yangu, miezi miwili sijavunja kitu wala kumtukana mtu, na simtakii ubaya yeyote wa nyumba hii, sembuse mwanangu."

Mama mkwe alinitazama. Alikuwa na macho mekundu kidogo. Akageuka kuelekea ndani na kusema, taratibu kabisa, "Anasema alikuwa na hasira kidogo, lakini yameisha. Moyo wake ni mweupe."

Nilimsikia mzee akishusha pumzi. "Ndaga," akasema, yaani asante. "Basi apulize maji. Mtoto atabaki."

Kwa hiyo nilikuwa nimeshinda. Bakuli lilikuwa hapo. Nilichotakiwa ni kunywa funda moja na kulipuliza chini, na binti yangu angelala kitandani kwake. Mama mkwe alinifanyia wema. Mpaka leo nasema ulikuwa wema, aliusafisha ujumbe wangu kama mtu anavyopepeta mchele kabla ya kuupeleka kwa mgeni. Nililichukua bakuli. Nililifikisha mdomoni.

Nikaliweka chini.

Watu wameniuliza kwa nini, akiwemo mama yangu mzazi, na aliniuliza kwa ukali. Jibu la kwanza ni la akili: moyo wangu haukuwa mweupe, na usingekuwa mweupe wiki ijayo, na siku ambayo sauti yangu ingepanda tena wangesema huyu alidanganya mbele ya maji. Siku hiyo mtoto angeondoka bila kikao. Jibu la pili halina akili. Nilikuwa nimechoka. Nilipopiga kelele niliitwa redio, niliponyamaza niliogopwa kama mchawi, na sasa nilikuwa nimesema sawasawa, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimesema sawasawa, na maneno hayo hayakufika hata mlango wa pili.

"Sikusema hivyo," nikasema.

Sikugeuka. Niliitazama migomba. Lakini sauti niliipandisha ili ipite dirishani, na kila aliyekuwepo alijua inakwenda kwa nani.

Benchi lililia. Mmoja wa wadogo zake alianza, "Huyu mwanamke amemsemesha..." na mwenzake akamnyamazisha. Mama mkwe alijishika kifua. Nilikuwa nimevunja mwiko ambao hata katika siku zangu mbaya kabisa sikuwahi kuugusa, na niliuvunja nikiwa na akili zangu timamu.

Ndipo mume wangu akazungumza. "Baba," akasema, "kweli hakusema yameisha. Amesema nne. Mwisho ni tano. Amesema ana hasira na mimi pia, na ni kweli, nilikuwa nageuza kakao."

Sikumbuki kama amewahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo mbele ya baba yake.

Mzee alikohoa. Aliposema, hakunisemesha mimi. Alishika desturi yake. "Mwulize mkeo," akamwambia mwanawe. "Ikifika tano, anamfanyaje mtoto?"

Nilitaka kukasirika na nikashindwa, kwa kuwa lilikuwa swali la haki. Ndilo swali ambalo nyumba ile yote ilitakiwa kuniuliza tangu siku ya chungu, na hakuna aliyeniuliza. Safari hii nilimjibu kupitia kwa mume wangu, aliyekuwa hatua mbili kutoka dirishani. Nilisema ikifika tano sitampiga mtoto wala kumfokea. Nitamshika mkono, nitamleta kwa bibi yake, nitasema neno moja tu, tano, nao wasiniulize kitu. Nitalizunguka shamba la kakao mpaka ishuke. Ikishuka nitarudi kumchukua.

"Na asiporudi?" mzee akamwuliza mwanawe.

"Mje mnitafute shambani. Siendi kwingine."

Mume wangu akayapeleka yote, hata neno moja hakupunguza.

"Mtoto anabaki," mzee akasema. "Na mwambie alete kuku, kwa kunisemesha."

Nikachukua maji. Nikasema, "Nina hasira, na simtakii mtu ubaya," nikanywa funda, nikalipuliza kwenye udongo. Hakuna aliyeniambia nirekebishe maneno. Kuku nilimtoa Jumatatu, jogoo, na sikumchagua mnene.

Ningependa kuishia hapo, niko kigodani, nimeshinda. Lakini jioni ileile, jua bado liko juu ya migomba, nilikuwa nje naosha vyombo na binti yangu ananizungukazunguka akitaka kula, mama mkwe akaja. Alisimama karibu nami.

"Umenifanya mwongo mbele ya mume wangu," akasema. "Miaka arobaini sijawahi kuitwa mwongo mbele yake."

Akageuka akaenda zake. Na alikuwa na haki, hilo ndilo lililoniumiza. Hasira ikaanza kupanda. Atanichukia. Atamwambia mzee, mzee atabadili neno, mwezi ujao mtoto yuko Matema, kila kitu nilichokisema ni upuuzi. Nilijaribu kutenganisha ninalolijua na ninalolidhani, vikachanganyika mkononi kama uji. Beseni la maji lilikuwa la vyombo, lina sabuni na masizi. Binti yangu akanivuta kanga akisema njaa inamuuma, mara ya tatu, mara ya nne, na nikaisikia sauti yangu ikijiandaa, ile ya zamani. Sahani ilikuwa mkononi.

Niliiweka sahani chini. Nikamshika mtoto mkono. Hatua thelathini zile sijawahi kuziona ndefu vile, kwa kuwa nilikuwa nampeleka mwanangu, siku ileile niliyompigania, kwa mtu yuleyule aliyetoka kuniambia maneno yale. Mama mkwe alikuwa mlangoni kwake anachambua mboga. Nilimwona akiniona nakuja, akaacha kuchambua.

"Tano," nikasema. "Kaeni naye, mama."

Akanyoosha mkono, mtoto akaenda kwake.

Nilizunguka shamba. Matope yalinivua ndala moja nikaiacha. Nilimtukana mama mkwe, mume wangu, muuguzi, na mtu yeyote aliyebuni kilimo cha kakao, na miti hiyo haikupungukiwa kitu. Mzunguko wa pili nililia. Mzunguko wa nne nikagundua nimeanza kuhesabu matunda yaliyokomaa, jambo ambalo mtu aliye kwenye tano hawezi kulifanya. Nikazunguka mmoja zaidi ili nihakikishe, nikatoka.

Mama mkwe alikuwa amekaa palepale mlangoni. Mtoto alikuwa pembeni yake anamalizia ugali na dagaa wa usipa, mashavu yote mchuzi. Nilisimama mbele yao, mguu mmoja peku, matope mpaka magotini.

"Nilidhani hutarudi leo," akasema.

"Nimemfuata mwanangu."

Alinitazama usoni, muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu. Sijui alikiona au hakukiona. Akashika upindo wa kanga yake, akamfuta mtoto mdomo, akamwinua, akamwachia mkono aje kwangu.